Madaraka ya Kuazima: Juu ya Namna za Uchaguzi na Mihula ya Vyeo

Mhadhara uliosomwa Mbale, kisha ukasomwa tena Jinja mbele ya wazee, walimu, wanafunzi na wananchi wengine

Nimeombwa niseme juu ya namna za uchaguzi na juu ya mihula ya vyeo. Jambo hili lina sheria nyingi ndani yake, lakini si mali ya wanasheria peke yao, kwa kuwa hakuna aliye humu ndani ambaye hatawaliwi na mtu aliyepata kiti chake kwa njia mojawapo ya zile nitakazozitaja.

Madhumuni yangu ni kueleza, kwa lugha nyepesi kadiri niwezavyo, jinsi kura zinavyogeuka kuwa kiti. Na kisha, jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu, kuthibitisha kwamba cheo cha kuchaguliwa ni kitu cha kuazima, na kwamba mwenye kuazimisha kitu chake bila ya kutaja siku ya kurudishiwa amekwisha kukigawa, ijapokuwa yeye mwenyewe hajatambua.

Niruhusuni nianze na mtu anayeiunganisha miji yetu hii miwili. Semei Kakungulu ndiye aliyeuanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1906 Waingereza wakamchukua wakamfanya rais wa Lukiiko, yaani baraza, la Busoga, akakaa katika kazi hiyo hata mwaka 1913, alipoondolewa akarejea huku Mbale, ambako alifariki mwaka 1928. Alikuwa mtu hodari, na siko hapa kumhukumu. Nataka mwangalie namna alivyoingia na namna alivyotoka: hakuna Msoga aliyeulizwa rai yake alipowekwa, wala hakuna aliyeulizwa alipoondolewa, na wala hakupewa muhula, bali alikaa kwa kadiri walivyopenda wale waliomweka. Hata mwaka 1945, Waafrika watatu wa kwanza walipoingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda, na mmoja wao akiwa ni Yekonia Zirabamuzaale wa kwetu Busoga, watatu hao waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Mtu aliyeteuliwa humtazama usoni aliyemteua; ndiyo maana babu zetu, walipokuwa wakidai kura, hawakuwa wakidai karatasi, walikuwa wakidai kutazamwa usoni.

Hoja ya kwanza: kura ya hadharani na kura ya siri

Namna ya uchaguzi tunayoijua kwa karibu kuliko zote ni ile ya kijiji, ya mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), ambayo mizizi yake ni yale mabaraza yaliyoanzishwa mwaka 1986. Hapo hapana sanduku wala karatasi: watu hupanga mstari nyuma ya mgombea, au wakala wake, au picha yake, na msimamizi huwahesabu kichwa kwa kichwa.

Tarehe 10 Julai 2018 nilisimama pembeni ya kiwanja kimoja chini ya jabali la Wanale nikitazama hesabu hiyo. Msimamizi alipita akigusa bega la kila mtu na kuitaja nambari kwa sauti, na watu wakiitikia nambari ile pamoja naye, hata watoto waliopanda juu ya mwembe, ikawa haiwezekani kabisa mtu mmoja kuhesabiwa mara mbili au kurukwa. Hiyo ndiyo fadhila kubwa ya mstari, na asiikanushe mtu: ni wa gharama ndogo, humalizika kabla ya adhuhuri, na matokeo yake huonekana kwa macho. Lakini kabla ya hesabu, kati ya mistari miwili ya wagombea, nilimwona mama mmoja wa makamo amesimama, leso yake ameibana mkononi, akitazama huku na akitazama kule, mpaka hesabu ilipokaribia kuanza ndipo akaenda haraka kwenye mstari uliokuwa mrefu. Baadaye nilimwuliza kwa upole kilichomkawiza. Akaniambia, "Mwalimu, yule mgombea ni mtoto wa mwenye nyumba ninayopanga, na baba yake alikuwa amekaa palepale kwenye kiti ananitazama. Mimi sikumchagua mtu, nilichagua chumba changu."

Sijapata kusikia hoja ya kura ya siri iliyoelezwa vizuri kuliko hivyo. Kura ya siri humpa mpangaji, mdeni, mke na kibarua dakika moja ambayo mwenye nyumba, mdai, mume na tajiri hawamwoni. Majirani zetu wa Kenya walijifunza jambo hili kwa uchungu mwaka 1988, chama cha KANU kilipowapangisha wananchi mlolongo katika uteuzi wa wagombea wa ubunge, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mstari akahesabiwa amepita bila ya kura nyingine. Malalamiko yalikuwa mengi kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu mbele ya macho ya watu waliokuwa wamesimama ndani yake. Maana yake ni kwamba hata fadhila ile ya kuonekana haidumu, ikiwa mwenye kutangaza haogopi macho ya watu.

Rai yangu ni kwamba kijiji kinastahili kura ya siri kama vile taifa linavyoistahili, na ikiwa karatasi ni ghali, basi na gharama hiyo ihesabiwe miongoni mwa gharama za lazima kama chaki ya shule.

Hoja ya pili: hesabu ya ushindi

Watu wengi hudhani kwamba kushinda ni neno moja lenye maana moja, kumbe sivyo. Tuseme katika jimbo wamepiga kura watu 1,000, na wagombea ni watatu: wa kwanza amepata 400, wa pili 350, wa tatu 250. Kwa kanuni ya wingi wa kura, ambayo ndiyo tunayoitumia kwa wabunge na kwa mameya wa miji yetu, yule wa 400 ameshinda, ingawa watu 600 hawakumtaka. Kwa kanuni ya kupita nusu, ambayo Katiba yetu ya mwaka 1995 imeiweka kwa Rais, hakuna aliyeshinda bado, na hao wawili wa mbele lazima warudi kwa wananchi katika muda wa siku 30. Kanuni ni mbili, kura ni zilezile, na matokeo yaweza kuwa watu wawili mbalimbali, kwa sababu wale 250 wakihamia kwa wa pili, huyo atakuwa na 600.

Duru hiyo ya pili haijapata kuitishwa Uganda tangu mwaka 1996, mpaka vijana wengine hawajui kwamba imo katika sheria. Wakenya wameongeza sharti jingine juu ya nusu: mshindi apate walau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zao 47, yaani kaunti 24, ili asitokee mtu wa upande mmoja tu wa nchi. Watanzania wao humtangaza yule aliyewatangulia wenzake, hata kama hakufika nusu. Ama Rwanda na Burundi, kwa sehemu kubwa ya bunge mpiga kura hachagui mtu wa jimbo lake, bali huchagua orodha ya chama, kisha viti hugawanywa kwa kadiri ya kura; na Afrika Kusini wabunge wote 400 wa baraza lao la taifa hupatikana kwa uwiano wa namna hiyo. Orodha ina insafu kubwa kwa vyama vidogo, nakiri. Lakini nikiitazama kwa macho ya mkulima wa Bududa ambaye daraja lake limechukuliwa na mto Manafwa, naona kwamba anahitaji mtu mmoja mwenye jina, ambaye anaweza kumwita aje asimame ukingoni ayaone maji, na orodha haiitiki.

Kuna tawi la jambo hili ambalo watu wa Jinja mnalijua vizuri: uchaguzi mdogo. Tarehe 15 Machi 2018 jimbo la Jinja Mashariki lilipiga kura upya baada ya kesi mahakamani, na Paul Mwiru akashinda. Angalieni kwamba hakuanza muhula mpya wa miaka 5. Aliingia kuumaliza ule uliokwisha kuanza mwaka 2016, na mwaka 2021 kiti chake kikarudi kwa wananchi siku moja na viti vya wengine. Nimelitaja hili kwa sababu linatuonyesha kwamba muhula si mali ya mbunge. Mbunge hubadilika, muhula hukaa palepale. Ni wa jimbo, na wabunge ni wapitaji ndani yake.

Hoja ya tatu: nani hasa anayepiga kura

Hapa nitapita upesi. Bunge lililoingia mwaka 2021 lilikuwa na wajumbe 529: 353 wa majimbo, wanawake 146 wa wilaya na miji, kisha 30 wa makundi maalumu, yaani jeshi, vijana, wafanyakazi, watu wenye ulemavu na wazee. Hao 30 hawachaguliwi na umma, bali na mabaraza ya makundi yao. Wabunge wanawake wa wilaya nao zamani walichaguliwa na wajumbe wachache, mpaka mwaka 2006 kura yao ilipowekwa mikononi mwa watu wazima wote, na nadhani hilo ni mojawapo ya mabadiliko mema tuliyoyapata. Spika huchaguliwa na wabunge: Bibi Rebecca Kadaga wa Kamuli, aliyeshika kiti hicho tangu mwaka 2011, alirudishwa bungeni na wananchi wa wilaya yake mwaka 2021, lakini tarehe 24 Mei mwaka huohuo wabunge wakampa Jacob Oulanyah kura 310 na yeye kura 197, akakiacha kiti. Na mwaka 1962, wakati wilaya zetu zilipopiga kura moja kwa moja, wajumbe 21 wa Buganda walipelekwa bungeni na Lukiiko yao, si na wananchi.

Uchaguzi wa wachache una faida yake, kwa kuwa wachache hao hufahamiana na huweza kuzipima sifa za mgombea. Hatari yake ni kwamba wanaweza kutoshea katika chumba kimoja cha hoteli, wakalishwa na kulazwa na kuahidiwa, na hakuna mtu aliye nje ya chumba hicho ambaye atajua. Mnaowania vyeo vya vijana mnanielewa.

Hoja ya nne: muhula, na madhara ya kuurefusha

Sasa nimefika mahali nilipotaka kufika tangu nilipoanza, na nitawaomba mnivumilie nikikawia.

Huku mashariki hatuhitaji kufundishwa na mtu maana ya muda uliowekwa. Kila Mgisu ajua kwamba tohara ya imbalu huwa katika miaka ya shufwa, na kwamba mwezi wa Agosti ngoma hufunguliwa pale Mutoto. Na kijana aliyekwisha kutangaza kwamba mwaka huu ni wake, akazungushwa kwa ngoma ya kadodi nyumba kwa nyumba na kupakwa chachu, haamki asubuhi ya siku yenyewe akawaambia wajomba zake kwamba ameisogeza mbele miaka miwili ili ajitayarishe zaidi. Hesabu ya rika zima imesimama juu ya mwaka ule, na mwaka wenyewe ukisogezwa, hakuna tena atakayejua nani ni mkubwa wa nani.

Serikali zetu hazikuwa na uthabiti huo. Wabunge tuliowachagua Aprili 1962 walipewa miaka 5. Mwaka 1967 ulipofika, Katiba mpya iliandikwa na wao wenyewe wakiwa vitini, wakaendelea kukaa bila ya kurudi kwa waliowatuma, mpaka asubuhi ya tarehe 25 Januari 1971 jeshi lilipowaondoa. Aliyewaondoa, Idi Amin, hakujisumbua na mihula kabisa, na mwaka 1976 akatangazwa rais wa maisha. Uchaguzi mkuu uliofuata ule wa 1962 ulikuwa wa Desemba 1980. Mtoto aliyezaliwa wiki ile babake aliposimama kwenye foleni ya kura ya 1962 alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima siku aliposimama yeye. Serikali iliyoingia mwaka 1986 iliahidi muda wa mpito wa miaka 4, na mwaka 1989 ikajiongezea mingine 5. Tukumbuke kwa insafu kwamba nchi ilikuwa imetoka vitani, na kazi ya kuandika Katiba ilihitaji wasaa. Lakini kila mwenye kurefusha muda wake huwa na sababu njema, na hilo hasa ndilo linalonitisha, kwamba sijapata kukutana na urefushaji usiokuwa na sababu njema.

Na msidhani kwamba ni mambo ya wakubwa tu. Wenyeviti wa vijiji tuliowachagua mwaka 2001 walikaa mpaka mwaka 2018. Mwaka 2006 kura ilipigwa, mahakama ikaibatilisha mwaka uliofuata kwa kuwa ilifanyika chini ya sheria ya zamani isiyopatana na mfumo wa vyama vingi, kisha miaka ikapita, mmoja baada ya mwingine, kila mara ikisemwa kwamba fedha hazijapatikana. Katika muda huo wako wenyeviti waliofariki, na wako waliohama, na katika vijiji vingine muhuri ulibaki kwa mjane au kwa kaka, naye akaendelea kuugonga juu ya barua za kuuza mashamba, barua za kumdhamini mtu polisi, barua za kufungulia akaunti benki. Mnacheka, lakini ardhi iliyouzwa kwa muhuri wa namna hiyo ndiyo inayowapeleka leo ndugu wa tumbo moja mahakamani. Na hao waliochaguliwa mwaka 2018, muhula wao ulipofikia ukomo mwaka 2023, ukaongezwa, kisha ukaongezwa tena.

Basi mwezi uleule wa Julai 2018, siku 16 tu baada ya ile mistari ya vijijini, mji wa Mbale ukapewa heshima ambayo sidhani kama tumeitambua sawasawa. Tarehe 20 Desemba ya mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limepitisha mabadiliko ya Katiba yaliyoondoa sharti kwamba Rais asizidi umri wa miaka 75. Na ndani ya sheria hiyohiyo, wabunge wakajitilia muhula wa miaka 7 badala ya 5, nao wenyewe waliokuwamo wakiwa miongoni mwa watakaonufaika. Wananchi wakashitaki, na Mahakama ya Katiba ikaja kuisikiliza kesi hapa Mbale. Wengi wenu mnaikumbuka ile tarehe 26 Julai, askari walivyosimama barabarani na watu walivyokusanyika kwenye redio za maduka kusikiliza hukumu iliyosomwa tangu asubuhi hadi usiku. Juu ya umri wa Rais majaji walihitilafiana, wanne wakaipitisha sheria na mmoja, marehemu Jaji Kenneth Kakuru, akaikataa. Na Mahakama ya Juu nayo, tarehe 18 Aprili 2019, iligawanyika wanne kwa watatu. Lakini juu ya wabunge kujiongezea miaka 2, majaji wote watano waliosikiliza kesi hapa walikuwa na neno moja: haifai.

Nataka vijana waishike maana ya neno hilo. Mwaka 2016 mwananchi alipotia karatasi yake sandukuni, alikuwa akiazimisha miaka 5, si 7. Mpangaji hawezi kuuchukua mkataba akaongeza mwaka kwa kalamu yake mwenyewe, hata akiwa mpangaji mwema anayelipa kwa wakati na kuipaka nyumba rangi. Akitaka mwaka zaidi, amwendee mwenye nyumba amwombe. Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni nyepesi: Bunge au baraza linaweza kuubadilisha muhula kwa wale watakaokuja, lakini lisiuguse ule ambao lenyewe limo ndani yake.

Hoja ya tano: viti vya jadi vya Busoga na Bugisu

Wako wanaosema kwamba kura na muhula ni mambo ya kizungu, yasiyopatana na desturi zetu. Hao nawaomba watazame Busoga na Bugisu kabla ya kusema zaidi.

Kyabazinga wa Busoga si mfalme wa kurithi kama wa nchi nyingine. Mwaka 1939 Ezekieli Tenywa Wako, Zibondo, yaani mtawala, wa Bulamogi, alipokuwa Isebantu Kyabazinga wa kwanza, cheo kilisimama juu ya maafikiano ya watawala wa sehemu mbalimbali za Busoga. Na mwaka 1949, William Wilberforce Nadiope wa Bugabula alipokishika baada yake, alikishika kwa kuchaguliwa na kwa muda uliowekwa, hata ikawa katika miaka ya kabla ya uhuru kiti hicho kiliweza kwenda Bulamogi kikarudi Bugabula bila ya mtu kufa. Fikirini ajabu hiyo: enzi yenye muhula, hapa Busoga, kabla ya taifa la Uganda kuwako. Cheo kilifutwa pamoja na falme nyingine katika miaka ya 1960, kikarudishwa katika miaka ya 1990 akiwa Henry Wako Muloki, na sasa ni cha maisha, ingawa bado mwenye kukipata huchaguliwa na baraza la machifu 11. Muloki alipofariki Septemba 2008, mvutano ulichukua miaka karibu 6, mpaka Agosti 2014 machifu walipompata William Gabula Nadiope wa Nne.

Bugisu wameshika njia nyingine. Umukuka, kiongozi wa Inzu ya Masaaba, hupewa miaka 5, na zamu huzunguka kati ya nyumba tatu za wana wa Masaaba, yaani Mwambu, Wanale na Mubuya. Wilson Wamimbi alikuwa wa kwanza, Bob Mushikori akafuata. Ilipofika zamu ya tatu ukazuka ugomvi mkali wa nani kachaguliwa kihalali, ukaendelea muda mrefu kabla Jude Mike Mudoma hajatambuliwa na serikali.

Nami sitawaficha kwamba jambo hili lilinitia mashaka katika hoja yangu mwenyewe. Ikiwa muhula ndio dawa, mbona Bugisu waligombana kama Busoga? Nimelifikiri sana, na jibu nililolipata ni hili. Muhula hauzuii ugomvi. Huupangia ugomvi siku yake. Busoga walipata ugomvi wao siku ya msiba, wakati ambapo hakuna aliyejitayarisha na kila mtu ana machozi. Bugisu waliujua mwaka wa ugomvi wao miaka 5 kabla, na kama walishindwa, walishindwa kwa sababu hawakumweka mapema mwamuzi anayekubaliwa na nyumba zote tatu. Hilo ni kosa linalorekebishika, kwa kuwa siku ya zamu nyingine inajulikana; na kwa upande wangu, zamu ya nyumba tatu ni fikra ya hekima kuliko nyingi nilizozisoma katika katiba za mataifa makubwa, maana humwambia aliyekosa leo kwamba hajafukuzwa, amesubirishwa.

Hoja ya sita: ukomo wa mihula

Muhula ni muda wa kukaa kabla ya kurudi kwa wananchi. Ukomo ni idadi ya mara unazoruhusiwa kurudi. Haya mawili huchanganywa mno. Katiba yetu ya mwaka 1995 ilimpa Rais mihula miwili na hapo basi, na mwaka 2005 ukomo huo ukaondolewa, katika mabadiliko yaleyale, nasema hili nikiwa na hisia mbili moyoni, yaliyokifanya Kiswahili hiki ninachosema kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda.

Husemwa: ikiwa watu wanampenda, kwa nini wazuiwe kumrudisha? Ni swali la haki na linastahili jawabu. Jawabu langu ni kwamba mtu aliyekaa muda mrefu hashindani kwa mikono mitupu. Amewateua wengi wa wale watakaohesabu, watakaolinda na watakaohukumu, nao bila ya kuamriwa neno lolote hujua uso wa nani wautazame. Watanzania walimwona Ali Hassan Mwinyi akiondoka mwaka 1995, Mkapa mwaka 2005 na Kikwete mwaka 2015, kila mmoja baada ya mihula miwili. Wakenya walimwona Moi akikabidhi madaraka mwaka 2002, katika uwanja uliojaa watu, kwa mshindani aliyekishinda chama chake. Hakuna nchi kati ya hizo iliyokuwa haina matatizo siku ya pili yake. Lakini watoto wao wamekwisha kumwona rais mstaafu akinunua gazeti, na wa kwetu hawajakiona kitu hicho kwa amani hata mara moja tangu uhuru wa 1962.

Mwenyekiti, naona saa imekwenda. Mbele yetu kuna chaguzi nyingine, za vijiji na za miji yetu hii ambayo tangu Julai 2020 imepandishwa kuwa majiji, na kuna wasichana na wavulana humu ndani ambao majina yao yataingia katika daftari la wapiga kura kwa mara ya kwanza. Kwenu ninyi nina ombi moja. Mkifika nyumbani leo, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji chenu, mwamkieni kwa adabu kama inavyompasa mzee, kisha mwulizeni muhula wake unakwisha tarehe gani. Akiijua, iandikeni ukutani, mahali ambapo kila aingiaye ataiona. Na akiwa haijui, rudini mkaniambie.